Wakuu, kwa nini jahazi langu la kompyuta linaonekana kama stika juu ya bahari?

#1 DundaVisual
Wakuu habari za jioni. Mi nashuti na kuediti video hapa Bagamoyo, harusi, kaswida, matangazo ya hoteli za ufukweni, ndo maisha yanasogea hivo hivo. Sasa kuna mteja anataka video fupi ya watalii, sekunde 40, kamera inatembea ufukweni pale karibu na jengo la forodha la zamani, na baharini kuna jahazi kubwa limetia nanga, kama vile tuko mwaka 1895 Bagamoyo ikiwa makao makuu ya Mjerumani. Jahazi nimelijenga mwenyewe kwenye Blender, ile programu ya kuchonga vitu vya kompyuta, wiki tatu, mpaka kamba moja moja. Nikaenda kushuti kwa simu, mwezi huu huu wa saba, saa tano asubuhi, jua la kutosha. Nikatreki kamera, yaani nikaweka alama kwenye video ili programu ijue kamera ilitembeaje, nikapachika jahazi, nikarenda, kompyuta ikachora picha za mwisho.

Shida ndo hapo. Likiwa peke yake kwenye kompyuta unatamani ulipande. Nikiliweka kwenye video linakuwa kama stika ya kwenye kioo cha daladala. Halafu linateleza, yaani nikienda kulia na lenyewe linasogea kulia kidogo kama linanifuata. Mteja kaangalia mara moja tu akaniuliza "hii ni katuni?" Sikulala vizuri.

Video nimeiambatisha. Nimekosea wapi?

#2 Msomaji_Tu
Nimewahi siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 ChumviNyingi
Nimeangalia. Jahazi lipo vizuri sana mkuu hongera. Ila linatembea kama deni, popote unapoenda lipo nyuma yako.

#4 FundiKurenda
Mkuu jahazi halina kosa lolote, kosa ni treki. Fungua faili uangalie zile alama ulizoweka, nakuhakikishia nusu yake ziko majini. Kile kiprogramu hakijui bahari ni nini. Kinaamini kila alama uliyokipa ni kitu kimesimama tuli na kinachotembea ni kamera peke yake, ndo kinapata kujua kamera ilikuwa wapi, maana cha karibu kinapita haraka kwenye picha na cha mbali kinapita polepole. Sasa ukikipa povu la wimbi au ngalawa inayosukwasukwa kinafikiri huo ni ukuta. Kinaanza kuinamisha kamera ili hesabu zikubali. Blender inataka alama 8 angalau zinazoonekana kwenye zile fremu mbili za kuanzia hesabu, lakini haijui kama ni 8 za ukweli au 8 za ushirikina. Ero yako ilisoma ngapi?

#5 DundaVisual
4.7. Alama zilikuwa 31. Na kweli nyingi ziko majini, sasa mkuu mbele yangu ni bahari na mbingu tu ningeweka wapi? Nne ziko kwenye ile ngalawa ya bluu.

#6 FundiKurenda
4.7!! Hapo hukutreki mkuu ulipiga ramli. Hiyo namba ni pikseli, yaani kwa wastani kila alama imekosa mahali pake kwa karibu pikseli 5. Shuka chini ya 1, ukipata 0.3 unaweza kwenda kunywa chai.

#7 Binti_Magomeni
Samahani kaka Fundi, mi naona hata angetreki ukuta wa forodha wenyewe lingeteleza tu. Kashuti kwa simu, na simu ile kitu ya kutuliza mtikisiko imewashwa, unaiona wazi kwenye video, pembeni panajikunja kama jeli kila akikanyaga hatua. Simu inakata kingo za picha na kuihamisha huku na huku kila fremu ili ionekane imetulia. Kwahiyo lenzi ambayo programu inaitafuta haipo, katikati ya picha inahama kila mara. Yalinikuta mwaka jana kwenye kideo cha msanii, nilikuwa naweka puto kubwa juu ya paa la nyumba, nimetreki matofali tupu, ero 0.6, puto linacheza singeli. Siku tatu sikujua kwa nini. Nikarudia kushuti ile kitu ikiwa imezimwa, mkono wangu unatetemeka mpaka aibu, puto likakaa kimya kama limepigiliwa msumari.

#8 FundiKurenda
@Binti_Magomeni sikatai hilo dada, ila ukizima hiyo bado kuna ile ya lenzi yenyewe inayochezacheza ndani ya simu na simu nyingi hazikupi pa kuizima. Na watu wanatreki nayo kila siku. Povu la bahari ndo kosa kubwa.

#9 Binti_Magomeni
Sawa kaka. Mi nimesema lililonikuta.

#10 KaoleBoy
Mnajitesa bure. Stendi ya miguu mitatu, kamera haitikisiki, hakuna kutreki, unapachika jahazi kama picha, unaenda kula. Kwa nini vijana hampendi stendi?

#11 DundaVisual
@KaoleBoy mteja anataka kamera itembee ndugu yangu, kasema "kama mtu anatembea". Ningekuwa na stendi ningekuwa nimeshalipwa.

#12 KaoleBoy
Basi simama sehemu moja ugeuze kamera tu kushoto kulia. Jahazi liko mbali, ukigeuka bila kusogea hakuna cha karibu wala mbali, unamwambia Blender hii ni kugeuka tu na hesabu inakuwa nyepesi. Mteja hatajua.

#13 Zao_la_Mwani
Au upande mianzi kwenye mchanga maji yakikupwa, mitano sita, umbali tofauti tofauti, uifunge vitambaa vya rangi. Unatreki mianzi halafu unaifuta. Tulifanya hivo Mlingotini kwa tangazo, shida ikawa tu watoto wanaing'oa wanacheza nayo huku tunashuti.

#14 Mpanda_Mnazi
Jamani treki mmeisema inatosha, treki inaeleza kuteleza. Mbona hamuelezi ustika? Simamisha video sekunde ya 12, isitembee kabisa. Bado ni stika. Kwahiyo kuna jambo lingine na hilo ni mwanga.

Angalia ngalawa za ukweli, ubavu unaotutazama una kiza, maana jua liko kule mbele upande wa bahari linatuchoma machoni, na maji yanametameta kuja kwetu. Sasa jahazi la mwenye uzi ubavu wake umewaka kama limepigwa flashi, na mwanga unatokea kulia nyuma ya mpiga picha. Mkuu Dunda kuwa mkweli, ile picha ya mbingu uliyotumia kuwasha jahazi uliipata wapi?

#15 DundaVisual
Nimeshusha mtandaoni ya bure. Imeandikwa ufukwe, asubuhi. Nadhani ni ya Ureno.

#16 Mpanda_Mnazi
Ndo hapo. Umeleta jua la Ureno Bagamoyo. Ureno jua la saa tano liko kusini mashariki mwaka mzima. Hapa kwetu mwezi wa saba saa tano liko kaskazini mashariki, yaani mbele yako kabisa ukiangalia bahari pale forodhani.

#17 ChumviNyingi
Jua la Bagamoyo liko utosini mwaka mzima acheni uzushi, mi nauza maji pale stendi nalijua.

#18 Mwl_Jiografia
@ChumviNyingi hapana. Sisi tuko nyuzi 6 na nusu hivi kusini ya ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na tena karibu tarehe 9 mwezi wa kumi. Baina ya mwezi wa nne na wa tisa jua la adhuhuri liko kaskazini yetu na kivuli kinaangukia kusini. Desemba ni kinyume. Kesho saa sita na nusu simama hapo stendi uangalie kivuli chako kimeenda upande gani, halafu urudi hapa.

#19 ChumviNyingi
Nitarudi.

#20 Mpanda_Mnazi
Ahsante mwalimu. Kwa mwenye uzi, dawa ni kuchukua mwanga wa pale pale. Hii mambo sio mpya, Paul Debevec alionyesha 1998 kwamba ukiupiga picha mpira unaong'aa kama kioo, mara kadhaa, kuanzia picha ya kiza mpaka ya kuungua, unapata mwanga wote wa mahali hapo na unaweza kuwashia kitu chako cha kompyuta. Huna mpira wa kioo? Mi natumia upawa. Ule wa stili, mgongo wake. Nilimuazima mama mpya kabisa haujaguswa na mchuzi, nikaushikisha kwenye fimbo, nikapiga picha 5. Haukai duara sawasawa na mkunjo wake unavuta mbingu kidogo, lakini jua linakaa upande wake, mchanga unatoa ule mng'ao wake wa chini, na ndo unachotaka. Ubavu wa jahazi ukipata ile rangi ya mchanga kutoka chini utashangaa.

#21 Msomaji_Tu
Mama alirudishiwa upawa?

#22 Mpanda_Mnazi
Una mikwaruzo. Hajui.

#23 Babu_wa_Mji
Mwenye uzi nakusahihisha kidogo kwenye historia kabla mteja hajaaibika. Mwaka 1895 makao makuu ya Mjerumani hayakuwa Bagamoyo, yalishahamia Dar es Salaam tangu 1891. Ama uandike 1890 ama uondoe hayo maneno ya makao makuu. Majahazi yenyewe yaliendelea kuja hapa, hilo halina tatizo. Na ukiwa unasahihisha utoe ule mnara wa simu kwenye kona ya juu kushoto.

#24 DundaVisual
Dah. Mnara sikuuona kabisa. Ahsante mzee.

#25 Lenzi35
Niongeze jingine ambalo hakuna aliyeligusa. Chora mstari kwenye upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu. Mkuu Dunda ulisimama mchangani umeshika simu usawa wa kifua au uso, tuseme mita moja na nusu, mchanga nao umepanda kidogo kutoka kwenye maji, tufanye mita tatu kwa jumla. Ule mstari wa upeo unakata kila chombo kilichoko majini kwa kimo hicho hicho cha kamera. Ngalawa ya bluu unapita juu ya kichwa cha mtu aliyekaa ndani, sawa kabisa. Sasa uangalie kwenye jahazi lako. Mstari unapita karibu nusu ya mlingoti! Mlingoti wako kama ni mita 14 basi jahazi limepigwa na mtu aliyekaa juu ya mita 7. Macho ya mtazamaji hayajui hesabu lakini yanajua. Ndo maana mteja kasema katuni.

#26 FundiKurenda
@Lenzi35 hii kali. Ila nayo inatokana na treki, ukikosea sakafu ya bahari kwenye hesabu kila kitu kinakaa vibaya.

#27 Lenzi35
Inawezekana. Au alilivuta kwa mkono mpaka likapendeza.

#28 DundaVisual
Nililivuta kwa mkono mpaka likapendeza.

#29 Lenzi35
Na upana wa sensa ya simu uliujaza ngapi?

#30 ChumviNyingi
Sensa? Mi nilishahesabiwa.

#31 DundaVisual
Niliacha ile iliyokuja nayo.

#32 Lenzi35
Basi Blender inadhani umeshuti kwa kamera kubwa. Sensa ya simu, kile kinachopokea mwanga wa picha, ni kidogo kama punje ya mahindi. Tafuta za simu yako uzijaze au uiruhusu programu itafute lenzi yenyewe, lakini hiyo ya pili nayo itakudanganya kama alama zako ndo zile za kwenye povu.

#33 Mzee wa Ngalawa
Nimesoma yote mpaka hapa, mengi sijaelewa, kompyuta mi natumia ya mjukuu. Lakini mimi nimevua hapo kwenye hiyo bahari yenu miaka mingi, nimeiangalia hiyo video nikacheka mwenyewe. Mnabishana jua na lenzi. Mwanangu chombo chako kina matatizo matatu.

La kwanza, mwezi wa saba ni kusi. Kusi inavuma, vyombo vyote vilivyotia nanga vinaelekeza omo, yaani pua ya chombo, kule upepo unakotoka, angalia hizo ngalawa zote tatu zimeangalia upande mmoja kama waumini. Chako peke yake kimeelekeza omo Unguja. Nani kakishika?

La pili, umetia nanga halafu tanga lote liko juu limejaa upepo. Hicho chombo kinaondoka au kinakaa? Ukitia nanga unatua foromali, ule mti unaoshika tanga, na tanga linakunjwa linafungwa.

La tatu, mwani umetoka nje na kuna watoto wanaokota chaza, kwahiyo maji yamekupwa. Na inaonekana ni bamvua, maji yamekwenda mbali. Hapo ulipokiweka wanawake wanapita kwa miguu na ndoo kichwani. Jahazi la ukubwa huo lingekuwa limepwelewa, limelala ubavu linasubiri maji yajae. Wewe limesimama wima linaelea kwenye maji ya magotini.

#34 Binti_Magomeni
Shikamoo mzee. Nimecheka mpaka nimemuamsha mtoto.

#35 Mzee wa Ngalawa
Marahaba mwanangu.

#36 DundaVisual
Shikamoo mzee. Sina la kusema. Yaani wiki tatu nimechonga kamba za tanga ambalo lilitakiwa lifungwe.

#37 Zao_la_Mwani
Marahaba kwa mzee wetu hapo #33, ila nataka kubisha kidogo kwa heshima. Omo kuelekea upepo sawa, lakini maji yakiwa yanajaa au yanatoka kwa nguvu mkondo nao unakamata chombo kizito, na jahazi lina tumbo kubwa majini kuliko ngalawa. Nimeona mara nyingi mashua inaangalia mkondo na kangalawa kanaangalia upepo, pembeni pembeni.

#38 Mzee wa Ngalawa
Kweli, kama maji yapo. Hapo hakuna maji.

#39 KaoleBoy
Watazamaji ni watalii, hawajui kusi wala kaskazi. Nani atagundua omo imeelekea wapi?

#40 Lenzi35
Nami nilifikiri hivo @KaoleBoy lakini nadhani ndo ule ule mstari wa upeo. Mtalii hawezi kukwambia kosa ni nini ila vitu vitatu vimeangalia huku na kimoja kimeangalia kule, jicho linakwenda kwenye kile kimoja na kuanza kukikagua.

#41 Kijana_wa_Zamani
Mbona wenzetu walishamaliza haya mambo kitambo, Jurassic Park ya 1993 wanyama wote wa kompyuta na hata leo huoni kosa.

#42 FundiKurenda
Sio wote. Kwenye ile filamu nzima mijusi inaonekana kama dakika 15 hivi na za kompyuta ni kama 6 tu. Nyingine ni midoli mikubwa ya mashine, kweli kabisa ipo pale imelowana na mvua. Na yule mkubwa wa meno, T. rex, anapotoka mara ya kwanza wamemweka usiku na mvua. Hawakuwa wajinga, mvua inaficha.

#43 ChumviNyingi
Kwahiyo Dunda asubiri masika.

#44 Mhariri_Usiku
Nimechelewa. Mimi nimeshusha video nikaiweka kwenye mashine yangu, nikapandisha gama mpaka picha ikawa kama maziwa, hii ni njia nzuri ya kukamata vitu vya kupachika. Nimeona mambo ambayo hamjayasema.

Weusi. Ngalawa ya mbali kabisa, kivuli chake cheusi kuliko vyote kimeshakuwa kijivu cha bluu bluu, kwa sababu ya ile hewa nzito ya chumvi ya pwani yetu. Jahazi lako liko mbali kuliko hiyo ngalawa lakini weusi wake ni tii kama rangi ya viatu. Chukua rangi ya upeo, changanya kidogo juu ya jahazi, zaidi kwenye vivuli.

Halafu kuna uzi mweupe mwembamba kuzunguka tanga lote. Hiyo ni alfa, ile sehemu ya picha inayosema wapi paonekane na wapi pawe wazi. Picha uliyorenda rangi zake zimeshazidishwa na alfa, wewe wakati wa kupachika umeiambia programu haijazidishwa, au kinyume chake. Ni kubonyeza sehemu moja tu na uzi unapotea. Watu wanaanza kula kingo kwa mkasi wakati ni kitufe.

Na mbona video yenyewe imepauka hivi, hata mchanga? Au uliipitisha Blender?

#45 DundaVisual
Nilifanya kila kitu Blender mkuu ndo nikapeleka After Effects kuweka maandishi tu. Nilidhani simu yangu ndo mbaya.

#46 Mhariri_Usiku
Simu haina kosa. Blender kuanzia 2.80 usipogusa kitu inatumia Filmic, kuanzia 4.0 ni AgX, zote kazi yake ni kuubana mwanga mkali wa renda uonekane kama wa kamera. Video ya simu ilishabanwa ndani ya simu. Ukiipitisha tena humo ni kama kuchemsha wali ulioiva. Weka Standard halafu jahazi ulipike pembeni.

#47 Binti_Magomeni
Na fremu? Simu nyingi hazishuti fremu sawa sawa, saa nyingine 30, saa nyingine 29 na nusu, inategemea mwanga. Programu inahesabu kana kwamba zote ziko sawa. Badilisha kwanza iwe fremu za kudumu, toa picha moja moja ndo utreki. Naomba usinipige kaka Fundi.

#48 FundiKurenda
Hilo nakubali bila masharti.

#49 DundaVisual
Wakuu nimerudi, siku nne zimepita. Nimeshuti upya na Mzee wa Ngalawa kwenye akili. Nimesubiri maji yajae, ile kitu ya kutuliza nimezima, mianzi mitano niliipanda asubuhi maji yakiwa nje (imeng'olewa miwili), upawa nimetumia wangu mwenyewe. Ero 0.41. Tanga nimelifunga, omo nimeligeuza. Renda ilichukua saa tisa na umeme ulikatika saa ya nane, nikaanza upya pale ilipoishia kwa sababu nilikuwa nimetoa picha moja moja, kama ningerenda video moja ningelia. Nimeambatisha.

#50 Lenzi35
Aisee. Hili sasa limekaa. Halitelezi.

#51 Kijana_wa_Zamani
Jahazi zuri ila hiyo ngalawa ya kushoto umeharibu, haina kivuli na kingo zake zimekatwa vibaya. Ungeiacha tu.

#52 DundaVisual
@Kijana_wa_Zamani hiyo ngalawa ni ya kweli. Ipo hapo sasa hivi, ina mtu ndani anavuta sigara.

#53 ChumviNyingi
Hahahaha uzi ufungwe.

#54 Mpanda_Mnazi
Mwanga safi. Ila bado kuna kitu kinanisumbua pale jahazi linapogusa maji. Limekaa kama sahani juu ya meza. Ngalawa za kweli chini yake kuna ule ukanda wa kiza, na taswira yake inavunjika vunjika kwenye mawimbi inakuja huku kwetu, na mbao zimelowana mpaka mstari fulani, juu yake kavu. Wewe una ubao mkavu unaoingia majini moja kwa moja. Ungemwekea Blender bapa la maji lisiloonekana linalopokea kivuli na taswira tu, kivuli peke yake hakitoshi kwa sababu bahari haifanyi kazi kama sakafu.

#55 Mhariri_Usiku
Mimi naona sio maji ni makali. Renda ni kali mno, simu haikuona hata kamba moja kwa umbali ule. Litie ukungu kidogo, hata pikseli moja, na uongeze zile chembe chembe za simu juu yake.

#56 FundiKurenda
Mi naona bado fremu mbili tatu linaruka sekunde ya 31. Angalia vizuri.

#57 Binti_Magomeni
Sioni hata moja kati ya hayo ila kweli kuna kitu.

#58 Mzee wa Ngalawa
Halisukwi. Ngalawa zinapanda na kushuka, lenyewe limetulia kama limejengwa na saruji. Chombo kizito kinasukwa polepole lakini kinasukwa.

#59 DundaVisual
Nililisuka mzee! Ila kidogo sana, niliogopa litaonekana limeteleza tena watu wanicheke.

#60 Mzee wa Ngalawa
Lisuke.

#61 KaoleBoy
Mngekodi jahazi la kweli ile siku ya kwanza mngeshamaliza.

#62 DundaVisual
Nimeuliza bei @KaoleBoy. Renda ni bei rahisi.

#63 ChumviNyingi
Nimerudi kwa mwalimu. Kivuli kimeenda kusini. Nimeishi miaka 34 bila kukiangalia.

#64 Msomaji_Tu
Mteja kasemaje?

#65 DundaVisual
Kaipenda. Kauliza tu kama naweza kuweka la pili, na tanga liwe juu kwa sababu "jahazi bila tanga halionekani kama jahazi".

#66 Mzee wa Ngalawa
La pili liwe linaondoka basi.

#67 MpigaPicha_Raskazone
Samahani kufufua uzi wa zamani, nimeusoma wote usiku huu. Mimi niko Tanga, nimepachika meli ya moshi ya zamani kwenye ghuba, nimeshuti kutoka Raskazone. Treki 0.5, stebilaiza nimezima, mwanga wa pale pale, upeo umekata sawa. Meli inatoa moshi mzuri tu mpaka najisifia. Ila kila ninayemuonyesha anasema kuna kitu hakiko sawa na hakuna anayejua ni nini. Video hiyo hapo, msaada tafadhali.

#68 Mzee wa Ngalawa
Siku hiyo upepo ulikuwa unatoka wapi, na moshi wako umeelekea wapi?